Rangi Mpya ya Boti Kuukuu

Pale soko la samaki hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa Mizani. Jina hilo alipewa na wavuvi wenyewe, kwa sababu ukimpelekea samaki uliyemjaza mawe tumboni ili azidi uzito, alimshika tu mkononi, akamrusha kidogo, akamdaka, akakurudishia bila kusema neno. Miaka yote hiyo aliishi kwa kusubiri boti za watu. Boti ikichelewa, naye kachelewa. Boti ikimpa mwenzake samaki wazuri, yeye anaondoka na makapi na tabasamu la kulazimisha. Mwishowe alichoka kula kwa kijiko cha kuazima, akaamua kununua boti yake mwenyewe.

Aliyoitaka ilikuwa ya mzee mmoja anayeitwa Kapteni, mvuvi wa siku nyingi, mpole, mwenye sauti ndogo kuliko kifua chake. Kapteni alisema anauza kwa sababu amechoka. Mgongo unamsumbua, na mwanawe wa kiume amepata kazi ya udereva, hana tena haja na nyavu. Yalikuwa maneno ya kuaminika. Boti yenyewe ilipandishwa juu ya magogo nyuma ya ghala la barafu, imepakwa rangi ya bluu mbichi kiasi kwamba kabla hujaiona vizuri, harufu yake ilishakuwahi puani.

"Inang'aa kama bibi harusi," Mizani alisema.

"Na bibi harusi hapakwi bure," mdogo wake akajibu. "Kuna kinachofichwa au kuna kinachoonyeshwa."

Huyu mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa fundi baiskeli, na watu walimwita Fundi. Lakini zamani alikuwa nahodha, tena si nahodha wa kubahatisha. Ghuba ile aliijua kama ulimi unavyoyajua meno. Kisha ikaja asubuhi moja upepo wa ghafla ukaipindua boti yake. Mkono mmoja alishika ubao, mkono wa pili alimshika mwenzake, rafiki yake tangu utotoni, na ule mkono wa pili ukachoka. Habari yenyewe ni hiyo tu. Alimweleza dada yake mara moja, hakuirudia. Tangu siku ile hakukanyaga boti. Hata kwenda ng'ambo kwa kivuko alikataa, akawa anazunguka kwa barabara huku wenzake wameshafika, wamekula na wamelala.

Mizani alimwambia, "Njoo tu unikagulie, mdogo wangu. Nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia." Hakumwambia lililokuwa moyoni mwake, kwamba akishainunua ile boti, nahodha atakuwa yeye.

Fundi aliizunguka boti taratibu, ameshika bisibisi kwa upande wa chuma, anagonga mbao kwa mpini. Ngo. Ngo. Ngo. Mlio mkavu, wa mbao yenye afya. Alipoinama chini kabisa, karibu na mkuku, ule mti mrefu unaoibeba boti kama uti wa mgongo, mlio ukabadilika. Bu. Akagonga tena. Bu.

"Hapa pamekufa sauti," alisema.

Kapteni alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. "Hapo nimeziba upya. Nimeshindilia pamba na lami mwenyewe. Pamba inameza sauti."

"Kwa nini uliziba?"

"Boti ya mbao isiyozibwa umeiona wapi? Hata wewe ulipokuwa nahodha ulikuwa unaziba."

Lile neno ulipokuwa lilimwingia Fundi kama mwiba wa samaki. Alimshika dada yake mkono, akamvuta mpaka kwenye ukuta wa ghala.

"Dada, usinunue."

"Kwa sababu ya mlio?"

"Kwa sababu ya mlio."

Mizani alimtazama usoni. Asubuhi ilikuwa bado na ubaridi, lakini juu ya mdomo wa mdogo wake jasho lilikuwa limesimama matone matone. Akauliza kabla hajafikiri, "Unachokiogopa ni ubao, au ni maji?"

Neno likitoka halina mkia wa kulishikia. Fundi alifuta mikono kwenye suruali, kwanza upande huu, kisha ule, kama mtu anayetafuta kazi ya kuifanyisha mikono yake.

"Haya," alisema. "Ishusheni majini. Nitakaa ndani mwenyewe. Ikienda mpaka nje ya Mlango na ikarudi kavu, mimi nanyamaza."

"Si lazima, mdogo wangu."

"Umeshasema, dada. Twende."

Wapagazi wa sokoni waliisukuma boti juu ya magogo mpaka ikaelea. Mmoja wao, mcheshi, akamwambia Mizani, "Mama, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge."

"Mimi nimevua viatu tu," Mizani akamjibu, watu wakacheka. Fundi hakucheka. Aliingia kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa, akakaa kwenye ubao wa katikati, akaushika kwa mikono miwili, macho yake akayaelekeza kwenye vidole vyake vya miguu.

Mlango ulikuwa ndiyo njia pekee ya kutoka kwenye ghuba. Huku safu ya miamba na huku safu ya miamba, katikati pamebaki uchochoro wa maji ambao boti mbili zikikutana, nahodha mmoja humpisha mwenzake. Wakati ule boti moja ya nyavu ilikuwa inatoka. Kapteni, aliyeshika usukani, akajiweka nyuma yake, akaifuata karibu mno, ikienda kushoto naye kushoto, ikienda kulia naye kulia, mpaka zikatoka zote mbili. Mizani alidhani ni adabu za baharia. Baadaye sana ndipo alipokumbuka jinsi mzee yule alivyokuwa amenyoosha shingo, kama mtu anayesikiliza badala ya kutazama.

Nje ya Mlango maji yalikuwa mengine. Upepo ulikuwa umeamka. Boti ilipanda wimbi, ikashuka, ikapanda, na moyo wa Mizani ukafurahi, kwa sababu ilipanda vizuri, bila kuyumba. Tayari alikuwa anaiona imejaa makreti. Akageuka amwambie mdogo wake, akakuta uso wake hauna rangi.

"Kuna maji," Fundi alisema.

"Ni ya kurukia," Kapteni akasema kutoka nyuma. "Upepo huu lazima yaruke."

"Ya kurukia yanatoka juu. Haya yanatoka chini."

Mizani akainama. Miguuni mwa mdogo wake palikuwa na kidimbwi, si kikubwa, mtu angeweza kukifuta kwa tambara. Kisha kipande cha pamba nyeusi, kimelowa lami, kikaelea kutoka chini ya mbao za sakafu, kikapita katikati ya vidole vya Fundi, kikazunguka, kikarudi.

"Geuza," Fundi alisema.

"Tufike tu pale mbele nione injini inavyo..."

"Dada." Hakupaza sauti. "Mwambie ageuze."

Kapteni aligeuza bila kusubiri kuambiwa. Hapo ndipo Mizani alipoogopa kwa mara ya kwanza. Muuzaji asiyebisha ni muuzaji anayejua.

Waliinua mbao za sakafu. Chini, pembeni mwa mkuku, palikuwa na ufa wenye urefu wa mkono wa mtu. Boti ikishuka, ufa ulifumba. Ikipanda wimbi, ulifumbuka kama mdomo, ukatema maji, ukafumba tena. Mizani akashika ndoo, akaanza kuchota na kumwaga, kuchota na kumwaga. Alikuwa mwanamke wa nguvu, aliyezoea kubeba makreti, lakini kila akimwaga ndoo alikuta ile aliyoimwaga imesharudi.

Fundi alikuwa amesimama, ameganda. Midomo yake ilicheza bila sauti. Mizani alimwita mara moja, mara ya pili, wapi. Alikuwa anawaza amtupie maji usoni, na ndipo Fundi akavua shati lake, akalikunja, akapiga magoti, akalishindilia kwenye ufa. Maji yakalisukuma nje. Akalishindilia tena, yakalitoa tena. Basi akafanya jambo ambalo Mizani hakuwahi kuliona likifanywa na nahodha yeyote. Alilikalia. Alikaa chini kwenye maji, mgongo kwenye ubao wa katikati, miguu miwili ameikaza kwenye mataruma, zile mbavu za boti, uzito wake wote juu ya lile shati, akafumba macho.

"Punguza mwendo," alisema, macho yamefumba. "Kasi inaupanua."

Maji yaliendelea kuingia, lakini sasa yalipenya pembeni kwa kuibaiba. Mizani akachota. Wakasogea hivyo, taratibu, injini ikiguna, mpaka wakaukaribia Mlango. Jua lilikuwa mbele yao, maji yote yamekuwa kioo. Hapakuwa na boti ya kuifuata.

Mkono wa Kapteni kwenye usukani ulikwenda huku kidogo, ukarudi, ukaenda kule.

Fundi aliinua kichwa, bado kafumba macho. "Mbona yanavunjika upande wa kulia? Kulia yangepaswa kuwa kimya."

Kapteni alikodoa macho.

"Kapteni. Jiwe refu unaliona?"

"Naliona."

"Liko wapi?"

"Liko... hapo mbele. Kulia."

Mizani aliacha ndoo, akatazama. Kulia palikuwa na povu tupu. Jiwe lilikuwa kushoto, kubwa, jeusi, na mzee wa watu alikuwa ameligeuzia shavu.

"Liko kushoto," alisema. "Kapteni, liko kushoto kwako."

"Jua," Kapteni akasema. "Jua limenipiga."

"Si jua," Fundi akasema. "Tangu lini?"

Injini iliguna, wimbi likawainua, likawaweka chini karibu zaidi na lile povu. "Tangu mvua za mwaka jana. Ulikuja kama ukungu. Nikasema utaondoka."

"Na ufa huu?"

"Niligonga. Humu humu Mlangoni."

Mizani alihisi hasira ikimpanda mpaka kooni, lakini hasira ina wakati wake, na ule haukuwa wakati wake. Alishika tena ndoo.

"Acha ndoo, dada," Fundi alisema. "Simama juu ya ubao. Utakuwa macho yetu."

"Maji yamekufika kiunoni."

"Najua yamefika wapi, nimeyakalia. Simama."

Alisimama. Akashika bega la mdogo wake kwa vidole vya mguu mmoja, kama ndege.

"Sema unachokiona. Usiongeze lako."

"Kulia povu. Povu refu, kama mtu kamwaga maziwa. Kushoto jiwe, limeinama kama mtu ananawa uso."

"Kati yake?"

"Kati yake maji."

"Rangi gani?"

"Yamekolea. Meusi. Halafu kuna kijani, pembeni kidogo."

"Kijani ni kifo, mwamba uko karibu, achana nacho. Kapteni, kushoto kidogo. Kidogo, nimesema. Hapo. Dada, jiwe linakuja?"

"Linakuja. Linakuja karibu sana."

"Ndivyo linavyotakiwa. Lipite karibu mpaka uweze kulitemea mate."

Kapteni alikuwa haoni, lakini mikono yake ilikuwa mikono bado. Alichoambiwa alikifanya, alichoambiwa nusu akakifanya nusu, na wimbi lilipokuja kutoka nyuma kutaka kuwaweka ubavu, aliusikia mgongo wa boti ukiinuka kabla Mizani hajafungua kinywa, akaunyoosha usukani mwenyewe. Jiwe likaja. Mizani aliona magamba yake, akaona majani ya majini yakipumua juu yake. Chini ya boti kitu kikakwaruza, polepole, kama kucha juu ya mlango. Fundi alitoa sauti ndogo, lakini hakujiinua. Maji yalikuwa yamefika kifuani mwake.

"Sasa unaona nini?"

"Naona ghala la barafu," Mizani alisema. "Naona watu."

"Basi chota."

Alichota mpaka mchanga ulipoikamata boti.

Wapagazi waliingia majini kuivuta. Yule mcheshi alikuwa na utani mdomoni, akauona uso wa Mizani, akaumeza. Fundi hakuweza kuinuka, miguu ilikuwa imekaza ikakataa amri. Walimtoa watu wawili, wakamsimamisha mchangani akiwa kifua wazi. Alitembea mpaka kwenye ukuta wa ghala, akaushika, akatapika. Kisha akaenda zake, hakumtazama dada yake wala mtu mwingine.

Mizani alimkuta Kapteni amekaa kwenye gogo, mikono katikati ya magoti.

"Ungeniuzia?"

"Ningekuuzia."

"Na huku unajua."

"Najua." Mzee alitazama upande ambako sauti ilitoka. "Nilijiambia ndugu yako atauona ufa, na akiuona atasema, na akisema utaiacha. Nilijiambia hivyo ili nipate usingizi."

"Alisema. Mimi ndiye sikumsikia." Akakamua pindo la kanga. "Nyumbani kwako wanajua habari ya macho?"

"Mke wangu anajua nakanyaga vyombo. Anadhani ni uzee."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, mzee wangu. Leo kilitaka kutuumbua na sisi ambao si maradhi yetu. Inuka."

Hakumpigia kelele, ingawa soko zima lilikuwa limetega masikio lisikie. Alimshika kiwiko, akamwongoza kwenye vichochoro mpaka mlangoni kwake, akasimama pale, kanga imelowa hadi mapajani, mpaka mzee akamweleza mkewe kwa kinywa chake mwenyewe. Mke alisikiliza akiwa ameshika mwiko. Mumewe alipomaliza, alisema tu, "Na mimi nilikuwa nakusema kwa kila kikombe," akaketi chini. Mizani akaondoka.

Aliogopa kwenda kwa mdogo wake kuliko alivyoogopa lile jiwe. Alizunguka nyumbani, akabadilisha nguo, akapika, hakula. Jioni jua likiwa bado halijazama alienda. Fundi alikuwa kibandani kwake, amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu na kutazama linavyopinda.

"Ulikuwa sahihi kuhusu ubao," Mizani alisema.

"Na wewe ulikuwa sahihi kuhusu maji."

Gurudumu lilizunguka. Akakaza spoku moja, akalizungusha tena.

"Nahodha angekuwa nani?" aliuliza.

Mizani aliokota spoku moja chini.

"Ulidhani sijui? Mtu mwenye akili kama zako, ununue boti kabla hujatafuta nahodha?"

"Nilitaka urudi."

"Nirudi wapi, dada? Mimi nipo hapa." Alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Watu mmenihurumia mpaka mmeshindwa kuniona. Nina kazi. Nina wateja. Nalala usiku, siku nyingi nalala. Leo nilipokaa chini pale nimefumba macho, unajua nilikuwa nimeshika nini? Si shati. Nilikuwa nimeushika tena ule mkono. Safari hii sikuuachia. Lakini usinipeleke tena."

"Sitakupeleka."

"Sema kwamba umenisikia."

"Nimekusikia, mdogo wangu. Nisamehe."

Mdogo wake akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Akamnyooshea spana. "Nishikie hii hapa, isizunguke." Mizani akashika. Akaishikilia mpaka baiskeli ikawa tayari.

Ile boti alikuja kuinunua. Watu walimwona kichaa, lakini yeye alikuwa ameiona ikipanda wimbi, na alijua ubaya wake wote uko sehemu moja. Alimtaka Kapteni aukwangue ule ubao mpaka rangi yote itoke, kisha seremala akaung'oa, na Mizani akainunua ikiwa na tundu, ameinama upande huu anamwona Kapteni upande wa pili. Mzee alipasuliwa jicho moja, likafunguka. La pili anaambiwa angoje.

Nahodha alimtafuta nje, kijana wa watu aliyezoea maji ya wazi lakini hakuijua ghuba. Siku ya kuishusha boti, Fundi alikuja ufukoni. Alisimama mahali mchanga ulipokuwa mkavu, akachuchumaa, akachora miamba yote kwa kidole, huu wa kunawa uso, huu wa kijani, akimweleza nahodha mpya mahali pa kupunguza mwendo na mahali pa kuuacha mkondo ufanye kazi. Nahodha alifuata kidole kwa makini. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Kaka, mbona usipande tu tukaenda wote, ukanionyesha?"

Mizani alifungua kinywa amjibie.

"Kwa sababu naogopa," Fundi alisema.

Nahodha alimtazama kidogo, akainamia tena mchanga. "Sawa, kaka. Nakusikiliza. Endelea."